Yule mweusi wa stesheni aliyekunywa maji ya kofia

Swali: Shikamoo Mwalimu. Marehemu baba alikuwa na kanda mbili za video alizozitunza kuliko vyeti vyake vya kazi. Moja ilikuwa picha ya kauboi inayoanza na watu watatu wanaosubiri treni. Mmoja wao ni mweusi, mrefu, kichwa kipara. Maji yanamdondokea utosini, anavaa kofia, maji yanajaa kwenye ukingo wa kofia, halafu anayanywa. Kabla picha haijafika robo saa, keshauawa. Baba alikuwa akisema, "Huyu angekuwa steringi kama si rangi yake." Mjomba naye anashikilia kuwa ni Mjamaika. Naomba unieleze bwana huyu alikuwa nani, na kama baba alisema kweli.

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Picha unayoisema ni Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968, kazi ya Mtaliano Sergio Leone, na ile stesheni ya mbao ilijengwa Hispania, upande wa Guadix. Bwana wako anaitwa Woody Strode. Mjomba ameteleza: Strode ni Mmarekani, mzaliwa wa Los Angeles, 25 Julai 1914. Maana yake ni kwamba siku aliposimama chini ya lile tone la maji alikuwa anakaribia miaka 54. Mtazame tena mabega yake ukiwa na hesabu hiyo kichwani.

Baba yako alisema kweli, ila kweli yake ina vyumba vingi, na nitakutembeza kimoja kimoja.

Kwanza ujue kwamba mtu huyu alikuwa na jina kubwa kabla hajajulikana sinemani. Baba yake alikuwa mwashi wa matofali. Yeye alikwenda Chuo Kikuu cha UCLA, akarusha tufe, akaruka juu, na akacheza futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wa umbo la yai. Timu ya UCLA ya mwaka 1939 ilimaliza msimu bila kufungwa, na ndani yake walikuwamo Strode, Kenny Washington na Jackie Robinson. Timu za vyuo zenye weusi watatu wa kiwango hicho zilikuwa za kuhesabu.

Baada ya chuo, mlango ulifungwa. Ligi kuu ya mchezo ule, NFL, haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja kuanzia 1934 hadi 1945. Hakuna kanuni iliyoandikwa, wenye timu walielewana tu. Kisha mwaka 1946 timu ya Rams ikahama kutoka Cleveland kwenda Los Angeles na kuomba kutumia uwanja mkubwa wa umma, ule wa Coliseum. Waandishi weusi wa mji wakauliza hadharani: uwanja umejengwa kwa kodi ya watu wote, vipi timu ichague rangi? Rams wakamsajili Washington, halafu Strode. Huo ni mwaka mmoja kabla ya Robinson kuwa mweusi wa kwanza wa zama zile kuingia kwenye ligi kuu ya besiboli na kuandikwa kwenye kila kitabu cha shule. Strode alikuwa anagonga miaka 32, miguu imeshaliwa na miaka ya kusubiri na ya vita. Alicheza mechi 10, akaachwa. Akavuka mpaka kwenda Kanada, akachukua kombe la Grey Cup na Calgary Stampeders mwaka 1948, katika msimu ambao hawakupoteza mechi. Mwili ulipoanza kugoma akaingia ulingoni kupigana mieleka ya kulipwa.

Nimekaa kidogo kwenye michezo kwa sababu ndiko sinema ilikomkuta, na ndiyo iliyoamua imtumie vipi. Walichokiona Hollywood kilikuwa mwili wa mita 1.93 uliochongwa, na kwa karibu miaka ishirini wakaununua mwili huo bila kuuliza kama una sauti.

Picha yake ya kwanza itakuchekesha, au itakuudhi. Inaitwa Sundown, ya mwaka 1941, na hadithi yake iko Kenya wakati wa vita, ingawa kamera hazikufika huku kwetu. Strode amevalishwa uaskari wa kabila, jina lake halimo hata kwenye orodha ya waigizaji. Humo humo yupo binti anayechipukia, Dorothy Dandridge, ambaye baadaye angekuwa nyota, naye ameandikwa kuwa ni bibi harusi wa Kipsang. Jina la Kikalenjin, mwanangu, limesafiri hadi California likarudi likiwa limevaa manyoya. Kwenye miaka ya 1950 Strode akaendelea vivyo hivyo: mlinzi, mpiganaji, mtu wa msituni kwenye picha za Tarzan na Bomba. Aliigiza hata simba! Katika Androcles and the Lion ya 1952 yumo ndani ya ile ngozi. Mwaka 1956, katika The Ten Commandments, alikuwa mfalme wa Ethiopia anayeletwa mbele ya Farao na Musa, na katika picha hiyo hiyo ukikodoa macho utamwona tena akiwa miongoni mwa wabeba machela. Mfalme na mbeba machela, mtu mmoja, picha moja. Sijaona mfano mzuri kuliko huo wa jinsi studio zilivyomhesabu.

Hapo ndipo ilipokuja Spartacus, mwaka 1960, na hapa naomba tutulie.

Anaigiza Draba, mtumwa kutoka Afrika aliyefungwa kwenye shule ya wapiganaji. Spartacus, yaani Kirk Douglas, anapofika anamuuliza jina. Draba anamjibu kwamba hataki kulijua lake wala kumpa la kwake, kwa sababu siku wakikutanishwa uwanjani atalazimika kumuua. Maneno yanaishia hapo. Baadaye wanakuja wageni wakubwa kutoka Roma, na wanawake wawili wanawachagua wa kupigana kama watu wanaochagua mbuzi sokoni. Draba na Spartacus wanaingizwa kwenye kijumba cha mbao kungoja zamu yao. Nje, jozi ya kwanza inauana. Sisi hatuoni mengi, tunasikia panga tu na kuwatazama hawa wawili waliokaa wakielekeana.

Tukio hilo nimewaonyesha wanafunzi mara nyingi, na kila mara nawaambia wamwache Douglas. Ndiye steringi, ndiye mwenye picha, na anafanya kazi nzuri sana, lakini uso wake unahangaika. Mtazame Strode. Hahangaiki. Macho yanamwendea mwenzake, yanaondoka, yanarudi, na mdomoni kuna kitu kinachokaribia kuwa tabasamu kisha kinakufa. Mtu huyu anapiga hesabu, na mtazamaji anajua anapiga hesabu bila kuambiwa neno. Wakitoka, Draba ana wavu na mkuki wa ncha tatu, Spartacus ana upanga mfupi. Draba anashinda. Anambana mwenzake ukutani, ncha shingoni, na kule juu ishara ya kuua inatolewa. Anageuka. Mkuki anaurusha kwa wale waliokaa kwenye viti vyao, na yeye mwenyewe anaupanda ukuta kuwafuata. Anachomwa mgongoni, kisha Crassus, mmoja wa wale wageni wa Roma, ambaye ni Laurence Olivier, anammaliza kwa kisu.

Maiti yake inaning'inizwa kichwa chini ili watumwa wengine wakome. Hawakomi. Maasi yote ya picha ile, saa zote zinazofuata, yanatoka kwa mtu ambaye hakutaka hata kutaja jina lake. Strode aliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji msaidizi. Oscar ya mwigizaji msaidizi ilikwenda kwa picha hiyo hiyo, ila aliyeibeba ni Peter Ustinov, aliyeigiza mwenye shule, yaani bwana wa Draba. Ustinov aliistahili, sina kinyongo. Lakini sikufichi kwamba nilipogundua hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mwaka huo huo wa 1960 John Ford, mwongozaji mkubwa wa picha za kauboi, alimpa Strode mzigo wa kweli. Picha ni Sergeant Rutledge. Inahusu kikosi cha tisa cha wapanda farasi, askari weusi wa jeshi la Marekani baada ya utumwa kukomeshwa, na sajini wao anayeshtakiwa kwa kumbaka na kumuua binti wa Kizungu na kumuua baba yake aliyekuwa kamanda. Studio ilitaka mtu mwenye jina, Sidney Poitier au Harry Belafonte. Ford akakataa, akamng'ang'ania Strode, kwamba anataka mtu anayefanana na askari aliyelala porini.

Kuna pahala Rutledge yuko kizimbani, mwendesha mashtaka anamchokonoa kwa nini alirudi kuwaokoa wenzake wakati alikuwa ameshatoroka na angeweza kwenda zake. Anajibu kwamba kikosi kile ndiyo nyumba yake, ndiyo uhuru wake wa kweli, na kwamba akikikimbia atakuwa hafai kitu. Sauti inampasuka. Strode hakuwa mwigizaji wa shule ya maigizo, na unaona anavyoyanyanyua maneno yale kama gunia la saruji. Baadhi ya wahakiki wanaona huo ni udhaifu. Mimi naona sajini kama yule angeyanyanyua hivyo hivyo. Na kuna mbio za farasi akivuka mto Pecos, ambazo mwenyewe alijivunia hadi uzeeni, kwa kuwa hapo kabla hakuwa amemwona mtu mweusi akipewa utukufu kama ule kwenye pazia la sinema, ule waliozoea kupewa akina John Wayne.

Sasa tazama bango. Picha imebeba jina la mhusika wake, yeye ndiye Rutledge, lakini jina la kwanza ni Jeffrey Hunter, anayeigiza wakili wake. Hapo maneno ya baba yako yanaanza kuthibitika kwa maandishi.

Ford alimtumia tena kwenye Two Rode Together akiwa Mkomanchi, kwenye 7 Women akiwa shujaa wa Kimongolia, na katikati ya hizo, mwaka 1962, kwenye The Man Who Shot Liberty Valance akiwa Pompey, kibarua wa John Wayne. Pompey anatumwa, anaitika, anasubiri nje. Ni nafasi inayoudhi. Lakini kuna darasa la watu wazima ambamo James Stewart anafundisha, na Pompey anasimama mbele ya picha ya Lincoln ukutani kusoma kwa moyo maneno ya Azimio la Uhuru wa Marekani. Anasahau. Anachosahau ni pale paliposemwa kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mwalimu anamalizia, kisha anamwambia asijali, wengi husahau kipande hicho. Mistari mifupi tu, na nchi nzima imepigwa kofi.

Stewart mwenyewe alisimulia baadaye kisa cha nyuma ya kamera. Ford alimuuliza anaonaje nguo za Strode kwenye tukio la maziko. Stewart akajibu kwamba zinamkumbusha kidogo yule mzee mweusi wa hadithi za kale za Kusini, Uncle Remus. Ford akawaita wote waliokuwapo na kuwatangazia kwamba kuna mwigizaji hapa hampendi Uncle Remus, na huenda hata weusi hawapendi. Ford alikuwa mkorofi wa namna hiyo. Na ndiye Ford huyo huyo ambaye Strode alihamia kwake akalala sakafuni kwa miezi kumuuguza, na ambaye Strode alikuwa karibu naye alipokata roho mwaka 1973. Ukitaka kuuita urafiki, ni urafiki. Ukitaka kuuliza ni rafiki gani anayemvalisha mwenzake nguo zile, uliza pia. Strode aliishi na yote mawili, wala sioni haja ya kumchagulia.

Basi kwa nini hakuwa steringi? Rangi, ndiyo, lakini sikiliza ilivyofanya kazi. Hollywood ya miaka ya 1960 ilikuwa imeweka kiti kimoja cha steringi mweusi, na kiti hicho alikalia Poitier: mtanashati, msemaji, daktari au mwalimu, mtu wa kukaribishwa mezani. Mwili wa Strode ulikuwa unasema jambo jingine, nao wenye studio waliuogopa hata ukiwa hauna silaha. Walimpenda akiwa amefungwa minyororo au akiwa anamlinda mtu. Halafu kuna umri. Nafasi ya kwanza ya maana aliipata akiwa na miaka 45, wakati mwigizaji wa Kizungu mwenye umbo lake angeanza na 25. Na kuna jambo ambalo mashabiki wake hawapendi kulisikia: hakuwa mtu wa maneno mengi. Nguvu yake ilikuwa kimya, na kimya hakiwezi kubeba picha nzima iwapo hakuna mwandishi aliyeiandika kwa ajili hiyo. Clint Eastwood naye hakuwa msemaji. Yeye aliandikiwa.

Mwaka 1966 ikatoka The Professionals, watu wanne wenye ujuzi wanaotumwa Meksiko kumrudisha mke wa tajiri. Burt Lancaster, Lee Marvin, Robert Ryan, na Strode mpiga upinde anayefunga baruti kwenye mishale. Wataalamu ni wanne. Jina la Strode halikupewa heshima ya wenzake watatu, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Akaenda Italia. Hilo halikuwa ajabu, wengi walikwenda, ila kwa Strode lilikuwa zaidi ya mshahara mzuri. Leone alimhitaji pale stesheni kwa sababu mtazamaji wa picha za kauboi aliijua sura ile, na akiiona anakaa vizuri kitini akidhani atakuwa nayo hadi mwisho. Kisha treni inafika, Charles Bronson anapiga kinanda chake cha mdomo, na wote watatu wanakwenda chini. Ujanja wa kile kifo ni kwamba hukukitarajia. Maziko ya namna hiyo hufanyiwa mtu anayejulikana.

Lakini kilichonifanya nikuandikie jibu refu ni picha nyingine ya mwaka huo huo wa 1968, ambayo bahati mbaya huku kwetu wachache wameiona. Valerio Zurlini aliiita Seduto alla sua destra, yaani "Ameketi kuumeni kwake". Strode anaigiza kiongozi wa Kiafrika, Maurice Lalubi, anayekamatwa na wanajeshi, anateswa, na kufungwa chumba kimoja na mwizi wa Kizungu. Herufi za jina zimebadilishwa kidogo tu. Ni Lumumba, aliyeuawa Katanga Januari 1961, miaka saba tu kabla. Picha ilikuwa imepangwa kushindana Cannes, na tamasha la mwaka ule likavunjwa katikati kwa machafuko ya Mei kule Ufaransa. Ilipofika Marekani wauzaji waliibatiza Black Jesus.

Si Lumumba wa historia kwa kila kitu. Zurlini amemgeuza kuwa mtu wa mateso matakatifu, na Mkongomani anayekumbuka hotuba ya 30 Juni 1960 mbele ya mfalme wa Ubelgiji atauliza ule ukali umekwenda wapi. Mimi mwenyewe nauliza. Lakini tazama alichokifanya Strode. Mtu aliyenunuliwa mwili kwa miaka 27, sasa anapewa mwili uliofungwa, usioruhusiwa kupiga wala kukimbia, na anabaki na macho na sauti ya chini. Anatosha. Waliosema hawezi kuigiza hawakuwahi kumnyang'anya misuli wakaona kinachobaki.

Baada ya hapo mambo ni ya kawaida, nitayapita mbio. Alikuwa muuaji wa kukodiwa katika picha za majambazi wa Milano, mlevi mzee mwenye banjo kwenye Keoma ya 1976, akaonekana kwenye The Cotton Club mwaka 1984. Mkewe, Luukialuana, Mhawaii aliyemuoa kabla ya Marekani kuingia vitani, alifariki 1980. Mwaka 1990 alitoa kitabu cha maisha yake, Goal Dust, na mwaka 1993 Mario Van Peebles alimweka mwanzoni na mwishoni mwa Posse, picha ya makauboi weusi, akiwa mzee anayesimulia. Alifariki kwa saratani ya mapafu tarehe 31 Desemba 1994. Picha yake ya mwisho, The Quick and the Dead, ambamo ni mtengeneza majeneza, ilitoka mwaka 1995, baada ya kifo chake, ikiwa imetolewa kwa kumbukumbu yake.

Kama una watoto, mwaka huo huo wa 1995 ilitoka katuni ya Toy Story. Yule mwanasesere kauboi, Woody, jina lake limetoka kwa huyu huyu. Kwa hiyo kuna Woody mmoja aliyekuwa steringi, naye ni wa plastiki na nguo.

Ukiipata ile kanda ya mzee, irudishe mwanzo. Tone la kwanza linapomwangukia utosini, Strode anatazama juu, kisha anavaa pama lake na kubaki pale pale. Nafasi ya kusogea ipo, stesheni nzima ni tupu.